Sanduku la Sista Aliyebaki Baharini

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu utatajwa tu, na ni heri niutaje mwenyewe. Niliweka daftari la asili pamoja na nakala yake ndani ya katoni moja, katikati ya mablanketi mawili, seti ya sufuria na shampuu ya mama yangu, nikaikabidhi kwa watu wa mizigo ya meli. Daftari lilikuwa moja tu duniani. Nakala nayo ilikuwa moja tu duniani. Mtu mwenye akili zake angezitenga kama majogoo. Mimi nilizifunga kwa utepe ili zisipotezane.

Mtauliza simu ilikuwa na kazi gani. Simu ninayo, ina kamera, na humo ndani mna picha nne za sahani ileile ya biriani. Ya daftari hamna hata moja.

Daftari lilikuwa la mwalimu wangu, sista mzee aliyetufundisha Kiswahili na historia katika shule ya wasichana huko kwetu magharibi mwa Kenya. Alitufundisha na mwandiko pia, ingawa mwandiko haukuwa kwenye ratiba. Alipita nyuma yako na rula, hakupigi, anaiweka tu juu ya mstari uliopinda na kungoja mpaka aibu ikushike. Katika ujana wake masista wa Ulaya walimfundisha lugha yao, na kabla hawajarudi kwao kuzeeka alikuwa ameitafsiri kwa Kiswahili habari ya safari ya wale wa kwanza kabisa, waliokuja kwa meli katika karne ya kumi na tisa. Aliiandika kwa penseli, katika daftari la shule la kawaida, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kitabu chenyewe cha asili kilirudishwa Ulaya na masista wenyewe. Likabaki hilo la penseli.

Waliondoka sita. Meli yao ilikuwa na matanga na ilikuwa na mashine, na hakuna kati ya hivyo viwili kilichokuwa na adabu. Maji ya kunywa yalikaa mapipani mpaka yakanuka, wakawa wanaziba pua kwa mkono mmoja na kushika kikombe kwa mwingine. Biskuti ziligongwa mezani kwanza ili wadudu wenye nyumba wapate kutoka. Siku tisa za dhoruba walijifunga vitandani kwa mishipi yao ya kitawa, na mdogo wao kuliko wote, ambaye hakuwahi kutapika hata mara moja, alikuwa akipita kitanda kwa kitanda na ndoo, akiwacheka. Walipoingia Bahari ya Shamu, mashine ikafa na upepo ukafa. Joto likawakalia. Yule mdogo, mwenye ndoo, akashikwa na homa, na siku ya tatu akafariki. Wakamshona ndani ya kipande cha tanga, miguuni wakamwekea chuma. Nahodha aliwapa muda wa Salamu Maria tatu.

Wakafika watano. Masanduku yakafika sita.

Masista wa shule yetu wana desturi yao inayotokana na hilo. Kila Agosti, siku aliyofariki, saa ya chakula cha mchana, meza ya mbele huandaliwa sahani sita, na ya sita hufunikwa kifudifudi. Mmoja husimama na kusoma safari yote. Mwisho husoma vitu vilivyokutwa ndani ya lile sanduku la sita, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kitu wote hujibu, “Kimefika.” Sisi wanafunzi tulikuwa tukijibanza verandani kusikiliza. Sauti ya msomaji ilikuwa ndogo, kwa hiyo tulipata jibu tu: kimefika, kimefika, kimefika. Tukalichukua na kulifanya mchezo. Githeri ikiletwa mezani: kimefika! Mtihani ukigawiwa: kimefika! Tulikuwa na akili za kuku, na mimi nilikuwa kiongozi wao.

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa nyumbani kwa likizo, nilikwenda kumwona sista. Macho yalikuwa yamemwishia na penseli ya daftari ilikuwa inafifia, vyote viwili kwa mwendo mmoja. Akaniwekea daftari mapajani.

“Ninakilie kwa wino,” akasema. “Hawa watoto hawawezi kuusoma mwandiko wangu. Wewe unaweza, maana wako ni mtoto wake.”

“Sista, mimi niko mbali.”

“Na hutoki nyumbani. Mama yako ameniambia hata bahari ya huko hujaiona.”

Huo ulikuwa uongo wa mama. Bahari ya Doha nilikuwa nimeiona mara tatu. Naishi Najma, katika jengo la zamani, kwa miguu ungefika ufukweni kabla hujachoka sana, lakini mimi nikitoka dobi hotelini, ambako napiga pasi mashuka kuanzia alfajiri, miguu inajua njia moja tu: bakala la chini kununua mkate na maziwa, halafu ngazi, halafu kitanda. Ijumaa, ambayo huku ndiyo Jumapili yetu, naenda kanisani na kurudi. Wenzangu wa jumuiya wakipanga matembezi jangwani, huniandika kwenye orodha ya wasiokuja kabla hawajaniuliza. Sioni ubaya. Kiti changu cha plastiki kimekaa vizuri mbele ya kiyoyozi, na nikikiacha kitaona upweke.

Nilinakili miaka miwili. Kazi ya miezi miwili, nikiwa mkweli. Nilikuwa nikiweka daftari juu ya sinia, sinia juu ya magoti, naandika ukurasa mmoja, halafu naona nimestahili kulala. Lakini mwandiko ulitoka mzuri, hilo sitaki mtu anikatalie. Nilipofika kwenye orodha ya vitu vya sandukuni, kurasa mbili za mwisho, penseli ilikuwa imefutika hata ikabidi niinamishe karatasi dirishani. Nikasoma kitu cha kwanza na cha pili: mashati ya ndani, sindano. Nikajiambia hivi ni vikorokoro tu, tena masista wameviitikia miaka yote, watakuwa wanavijua kwa moyo. Wakivikosa kwenye nakala watavikuta kwenye daftari. Nikafunga kalamu. Nikalala.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa Mombasa, Mwislamu, anasimamia watoto ndani ya basi la shule. Kazi hiyo imemfanya aseme na watu wazima wote kama wamesahau kufunga mkanda. Aliponiona nafunga katoni akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Shoga, na hilo daftari la bibi yako mtawa wafanyani nalo humo?”

“Linakwenda na meli. Ni habari ya safari ya bahari, basi na lirudi kwa bahari.” Nilikuwa nimeona wazo hilo ni zuri sana.

“Likizo huna?”

“Ninayo.”

“Tiketi hawakupi?”

“Wananipa.”

“Basi si uende nalo, ulitie mkobani, umpe mkononi?”

Nikamwambia nitakwenda Disemba. Sikumwambia kwamba nasema Disemba kila mwaka. Safari inanitisha, ndio ukweli: kupanga sanduku, kupimwa, kupanga foleni, watu wa nyumbani kunitazama kama nimebeba duka, halafu kuagana tena. Kuagana ndiko kubaya zaidi. Ukikaa kwenye kiti chako cha plastiki huagani na mtu.

“Na yule dada wa kanisani kwenu aendaye wiki ijayo?” akaendelea jirani. “Daftari mbili zitamvunja mgongo?”

“Sitaki kuwa mtu wa kuomba kilo za watu.”

“Haya. Kaa na heshima yako.”

Hiyo ilikuwa Mei. Watu wa mizigo walisema wiki sita. Juni ikapita. Julai nikapiga simu, wakasema iko bandarini. Bandari gani? Ya njiani. Njiani wapi? Wakasema meli iliyoileta imeishusha, inangoja meli nyingine, na hiyo nyingine imebadilishiwa njia, ni mambo ya bahari, dada, vumilia. Nikacheka kwa uchungu. Zaidi ya miaka mia imepita tangu wale masista, meli sasa ni kubwa kama mtaa wa Najma, na bado jibu ni lilelile.

Kila wiki sista kijana, aliyekuwa akimtunza mzee, aliniandikia: Sista anauliza daftari limefika wapi. Nami nikajibu: liko njiani. Siku moja akaandika kwamba Sista hali tena chakula kigumu. Nyingine, kwamba hatoki kitandani, na kwamba amewaomba jambo moja tu, asomewe ile safari mara moja zaidi, siku yake, mezani, kama ilivyo desturi. Nilisoma ujumbe huo nikiwa dobi, katikati ya mashuka. Nikaunguza foronya.

Siku ikafika na katoni haikufika.

Nilikuwa zamu ya mapumziko. Ilikuwa saa saba mchana. Saa zetu na za nyumbani ni zilezile, hiyo ni baraka moja ya Doha. Nilikuwa juu ya paa, ambako mtandao unashika vizuri na ambako mwezi wa Agosti nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzianika. Jirani yangu alikuwa upande wa pili wa kamba, nyuma ya madera yake, namwona miguu tu. Simu ikalia. Sista kijana, uso umejaa kioo.

“Dada, tumemleta mezani kwa kiti cha magurudumu. Sahani zimeandaliwa. Anasema wewe umelinakili, basi umelimeza. Anasema usome.”

“Nisome nini? Sina kitu mkononi.”

“Ndivyo nilivyomwambia. Anasema uanze tu.”

Akaigeuza simu. Nikaiona ile meza, nyeupe, na sahani ya sita imefunikwa. Nikamwona Sista. Alikuwa amekuwa mdogo, kilemba chake cha kitawa kimemzidi kama amekiazima. Masista wengine wamesimama nyuma, wanane au tisa, wote vijana kuliko mimi.

Nikaanza. Na Mungu ni shahidi, maneno yalikuja. Mkono uliokuwa umeyaandika ulikuwa unajua kilichofuata hata kabla kichwa hakijajua. Nikapita na meli, nikapita na mapipa, biskuti, dhoruba, ndoo. Jasho lilikuwa likinitiririka machoni, na nilipofika Bahari ya Shamu sikuhitaji kukumbuka chochote, nilikuwa ndani yake. Nikamshona yule msichana ndani ya tanga. Nikasema zile Salamu Maria tatu, nao wakaitikia kutoka Kenya, na nyuma ya madera miguu ya jirani yangu ikatulia.

“Wakafika watano,” nikasema. “Masanduku yakafika sita.”

Nikafuta jasho la machoni.

“Vitu,” akasema Sista. Sauti yake ilitoka kama karatasi inakunjuliwa.

Nikatazama kamba za nguo. Nikamwuliza sista kijana kwa sauti ya chini, “Nyinyi hamvijui? Si mnaviitikia kila mwaka?”

Akanong’ona, “Sisi tunajua kuitikia tu. Msomaji amekuwa yeye peke yake, na tangu daftari liondoke alikuwa akisema kwa kichwa.”

“Vitu, mwanangu.”

“Mashati ya ndani, mawili,” nikasema.

“Kimefika,” wakajibu.

“Sindano, na uzi.”

“Kimefika.”

Basi, hapo nilikuwa nimekwisha. Nikatafuta kichwani sanduku la safari na sikupata jingine ila langu. Nikasema, “Blanketi.” Kimefika. Nikasema, “Blanketi la pili.” Kimefika. Nikasema sufuria. Nikasema sabuni ya nywele, Mungu anisamehe, nikimtilia mtawa wa karne ile shampuu ya mama yangu, na wale watoto wazuri wakaitikia kimefika kwa sauti moja bila kupepesa.

Sista akainua kidole.

“Na viatu?”

“Viatu vipo, Sista.”

“Vikoje?”

“Vyeusi.”

“Vimevaliwa?”

Nikafikiri. Safari yote ile, atakuwa amevaa. “Vimevaliwa kidogo,” nikasema.

Akakishusha kidole. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeweka rula juu ya mstari, “Hapana, mwanangu. Havikuvaliwa.”

Nikaishika kamba ya nguo.

“Hukunakili mwisho.”

“Sikunakili, Sista.”

“Nilijua. Hata insha zako. Ulikuwa unaacha mstari wa mwisho, unakwenda kulala.” Akajaribu kucheka, ikawa kikohozi, sista kijana akamfuta mdomo. “Mimi nami vingine vimenitoka. Nimebaki na viatu tu. Utakuja lini?”

“Disemba, Sista.”

“Haya,” akasema. “Disemba.”

Alifariki siku ya sita baada ya hapo, asubuhi, wakati wengine wako misani.

Mazishi yalikuwa baada ya siku tatu. Ndege ipo kila siku. Likizo nilikuwa nayo, na supavaiza wetu, ambaye namsema vibaya kila wiki, angeniruhusu; alimruhusu mwenzangu kwa harusi. Sikumwomba. Nilimwambia kila mtu kwamba mambo ya kazi yamebana, na watu wa jumuiya wakanipa pole, wakaniombea rozari nzima, nami nikaipokea. Nilitazama mazishi kwa simu, juu ya paa, picha ikikwama na kuruka. Wakati jeneza linashushwa, ilikwama. Iliporudi, udongo ulikuwa umeshasawazishwa na mtu alikuwa akitangaza utaratibu wa chakula.

Katoni ilifika Septemba. Haikulowa, haikupasuka, shampuu haikumwagika hata tone. Mama alinipigia kwa furaha kuhusu sufuria. Aliwapelekea masista daftari zao siku hiyohiyo, na jioni sista kijana akanitumia picha ya kurasa mbili za mwisho, zile nilizoona uvivu kuziandika. Alikuwa ameziinamisha dirishani, kama nilivyomweleza. Akaomba nizisome, nizinakili kwa wino, nimpelekee, ili mwakani wasikose.

Nilizisoma mara nyingi siku hizo. Mashati ya ndani mawili. Sindano na uzi mweusi na mweupe. Soksi za sufu jozi tatu, ambazo Afrika zilimngoja nani sijui. Mkasi mdogo. Mbegu za kabichi katika karatasi. Barua tano ambazo hazijafunguliwa, kila moja imeandikwa juu yake mwezi wa kuifungua. Na mwisho kabisa: viatu jozi moja, vipya, soli haijagusa udongo, alivyosema atavivaa siku ya kushuka. Chini yake, kwa penseli iliyofifia kuliko yote, mstari wa mwisho. Havikumtosha yeyote kati yetu watano.

Nilipanda paani na simu kumwonyesha jirani yangu. Alikuwa akigusa nguo kama zimekauka. Nikamsomea orodha yote, mpaka viatu, mpaka mstari ule, na hapo nikakaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, nikalia kwa kelele, mtu mzima, mbele ya madishi ya setilaiti ya mtaa mzima. Nikamwambia nimeshaanza kuzinakili zile kurasa mbili, safari hii mpaka mwisho, na kwamba yule dada wa kanisani anakwenda tena mwezi ujao, nitamwomba anibebee.

Aliniacha nilie kiasi. Kisha akachukua vibanio kutoka kinywani na kusema:

“Wenzio wamekufa wakenda. Wewe u mzima, ndege ni saa tano tu, na hukwenda. Hizo karatasi usimpe mtu. Na sasa inuka kwenye ndoo yangu, nataka kuanua nguo.”